Pweza Thelathini na Wanane wa Mwamba Bibi

Jumatatu, 7 Julai 1975

Saba Saba. Taifa zima linaandamana, mimi nachimba choo. Ndiyo kazi ya kwanza niliyopewa katika msafara wa kuhifadhi bahari, mimi Dadi Likwata, mwanafunzi wa mwaka wa pili, elimu ya viumbe! Tulifika Ukuti jana kwa Landrova. Kijiji kiko mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Pande, kama unajua kutembea mchangani. Sijui. Tuko wanafunzi saba kutoka Uswidi, kiongozi wao Daktari Birgita, na Watanzania wawili wa chuo chetu cha Dar es Salaam: mimi na Kornelio.

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike wazi. Mwisho wa mwezi Daktari atachagua mmoja kati yetu wawili aende Uswidi mwaka mzima kusomea bahari. Mmoja tu. Nafasi hiyo ni yangu. Kornelio ni mtoto wa Ziwa Nyasa, mpole, mchapakazi, anaogelea tangu hajaota meno. Simpendi.

Kwenye fomu ya maombi palikuwa na swali: una uhusiano gani na bahari? Nikaandika kwamba baba yangu ni mvuvi wa Kilwa, na babu, na baba yake babu. Baba analima korosho Mitole. Wilaya ni hiyo hiyo. Sioni kosa. Bahari niliiona mara ya kwanza nina miaka kumi na minne, nikaitazama kidogo, nikarudi nyumbani.

Jioni mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Abdurahmani, alikuja kutukaribisha kwa hotuba. Anataka kijiji kiwe na ghala la mawe na tanuri la chokaa, na chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe. Daktari akamweleza kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba matumbawe ni nyumba ya samaki. Mwenyekiti akasema binadamu naye anahitaji nyumba. Nikawapigia makofi wote wawili. Mtu hajui atamhitaji nani.

Alhamisi, 10 Julai

Balaa. Daktari ametangaza jaribio la kuogelea. Kila mtu aizunguke mashua mara mbili.

Nilifikiri haraka. Nikasema leo Alhamisi, ninafunga sunna, na maji yakiniingia kinywani saumu imeharibika. Daktari akaomba radhi. Anaheshimu sana dini za watu. Kornelio akajitosa, akaizunguka mashua mara nne, akarudi bila hata kuhema.

Sikuwa nimefikiria chakula cha mchana. Wali wa nazi na changu wa kukaanga! Nilikaa pembeni nikinusa. Kornelio akaninong'oneza kwamba ameniwekea sahani yangu, nitaikuta wakati wa kufuturu. Wema wa namna hii unaudhi kuliko ubaya. Mtu mbaya unamjibu. Huyu utamjibu nini?

Hata hivyo sikukaa bure. Nilimweleza Daktari kwamba katika ukoo wetu kuogelea ni kazi ya watoto. Mwanamume mzima kazi yake ni kuujua mwamba. Nikaomba nipewe Mwamba Bibi, ulio mbele ya kijiji, ambao maji yakipwa unatoka mzima na mtu anautembelea kwa miguu. Nihesabu viumbe wa mwambani, nao wengine wazame huko nje. Amekubali! Akasema ni bahati kupata mtu mwenye urithi kama wangu.

Jumamosi, 12 Julai

Mwamba Bibi unaitwa hivyo kwa sababu ni wa wanawake. Wanaume wana mashua na nyavu, wanawake wana mwamba. Saa nne asubuhi maji yalikuwa yameondoka mpaka mbali, na akina mama ishirini na kitu wakashuka na fito zao za kuchokolea pweza. Mkubwa wao ni Bi Kidawa, mjane, mwembamba, asiyepoteza maneno. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku akitazama viatu vyangu vya ngozi.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Nimfuate Bi Kidawa, anionyeshe mashimo ya pweza, niyatie kwenye ramani, na ramani niipeleke kwa Daktari kama elimu niliyorithi kwa babu. Nikamwuliza shimo la kwanza liko wapi.

Akasimama. Akaniuliza, mwanangu, umezaliwa wapi? Nikasema hapa hapa Kilwa, pwani. Akasema ajabu, maana mtoto wa pwani anajua kwamba shimo la pweza haliulizwi. Shimo ni la aliyelikuta. Yeye yake alionyeshwa na mama yake alipotoka unyagoni, naye kamwonyesha binti yake Esha, na hata mumewe alikufa hayajui. Kumwuliza mtu shimo lake ni sawa na kumfunulia chungu jikoni. Wenzake wakacheka. Nikacheka na mimi, waone kwamba nilikuwa natania.

Hatua kumi mbele nikakanyaga mdudu wa miiba. Miiba kumi na mmoja kisiginoni! Nilipiga kelele ambazo sitaki kuzieleza. Bi Kidawa akanikalisha, akaagiza papai bichi, akanipaka utomvu, akaichomoa mmoja mmoja. Alikosa shughuli yake ya asubuhi nzima kwa ajili yangu na hakusema neno. Ningependa angesema.

Pweza niliowaona leo kwa macho yangu: wawili. Wote walikuwa ndani ya pakacha lake.

Jumapili, 13 Julai

Nani kamleta Huseni? Jirani yetu wa Mitole, huyo hapo katikati ya kambi, na baiskeli na gunia la muhogo mkavu, anatafuta kubadilishana na ng'onda, samaki wakavu! Aliponiona akapaza sauti kama mwadhini: Dadi, baba yako anauliza mikorosho yake utaipalilia lini!

Daktari hakuwepo. Kornelio alikuwepo, amesimama na ndoo mkononi. Nikamweleza kwamba baba ni mvuvi anayelima korosho kidogo kwa kujifurahisha. Akasema ni vizuri kuwa na vyote viwili. Akaenda kuchota maji.

Hajamwambia Daktari. Nimesikiliza nje ya hema la Daktari mpaka chai yangu imepoa. Anangoja nini? Mtu mwenye siri yako na haitumii ni mtu wa hatari.

Jumatatu, 14 Julai

Mungu hamtupi mja wake. Wameondoka wote kwa mashua kwenda visiwani, siku nane. Daktari anasema majuma haya maji yametulia na chini panaonekana vizuri. Mimi nimeachwa na kisigino kilichovimba, mkebe wa biskuti, na fomu. Maagizo: kila siku itakayowezekana kutembea mwambani, nihesabu, niandike tarehe, jina la kiumbe, idadi. Kornelio kaniachia katambuga zake za matairi, kwa sababu viatu vyangu havifai mwambani. Nimezitupa chini ya kitanda.

Nimepiga hesabu zangu. Kornelio atarudi na orodha ndefu ya samaki wa visiwani, na mimi na pweza wawili wa ndani ya pakacha. Uswidi hakuendwi kwa pweza wawili.

Alhamisi, 17 Julai

Kazi inakwenda vizuri sana. Nahesabu nikiwa ndani ya hema.

Jumanne nilianza kwa adabu: pweza kumi na wanne. Jumatano kumi na saba. Leo ishirini na watatu. Ukitazama kwa makini utaona nidhamu ya kitaalamu: haipandi ghafla. Nimeongeza majongoo wa bahari na kombe ili pweza wasionekane wapweke.

Asubuhi nilisukumwa na dhamiri nikachechemea mpaka ufukweni, saa nne kama siku ile. Mwamba haukuwepo. Maji tu, kifuani kwa mtu mrefu. Nikangoja kidogo. Labda bahari leo imechelewa, kuna upepo. Nikarudi kwenye biskuti.

Jambo lingine la kufurahisha: hakuna mashahidi. Tangu Jumanne akina mama hawapiti kabisa na fito zao. Nimesikia wako mashambani. Siku tatu mfululizo, mali iko mbele yao, hawaigusi! Ndiyo maana nchi inahimizwa kila siku redioni. Wavivu.

Jumapili, 20 Julai

Jana pweza thelathini na wanane. Na kasa wawili.

Leo nimekaa na kalamu muda mrefu. Nilihisi orodha ina kila kitu isipokuwa roho. Mtu asome mpaka mwisho, afumbe daftari, asisahau. Basi nikaandika: nguva, mmoja, jike, amelala juu ya mwamba na mtoto wake.

Niliposoma tena nilisisimka mwenyewe.

Jumanne, 22 Julai

Wamerudi, wameungua na jua. Mwenyekiti amewakuta ufukweni na habari mbaya: halmashauri ya kijiji imekubali matumbawe yachimbwe, na mwamba wa kuanzia ni huo ulio karibu, Mwamba Bibi. Daktari akageuka rangi. Akaniuliza fomu zangu ziko wapi.

Alizisoma amesimama. Alipofika kwenye nguva akakaa juu ya ndoo. Machozi! Akasema miaka sita anatafuta mahali pwani hii panapoonekana nguva na mtoto, na hapa palikuwa mlangoni pa kijiji. Akanishika mikono miwili. Akasema kwa hesabu hizi hakuna atakayegusa jiwe hata moja. Hakuniuliza swali lolote. Mtu akipata alichokuwa akikiomba hakigeuzi kutazama chini.

Kornelio alinipongeza. Kisha akaniuliza polepole kama kweli niliweza kutembea mwambani juma lile. Nikasema mtoto wa mvuvi hutembea siku zote. Akaenda kusuuza vyombo.

Uswidi! Nimemwandikia baba barua asiningojee kwenye palizi.

Alhamisi, 24 Julai

Ushindi, lakini una mwiba.

Daktari alikaa na halmashauri jana, mchana kutwa. Hesabu zangu zikasomwa. Halmashauri ikafuta uamuzi wake mbele ya nguva mwenye mtoto. Kwa hiyo matumbawe hayachimbwi. Lakini Ndugu Abdurahmani si mtu wa kushindwa peke yake. Akasema ikiwa mwamba ni hazina ya taifa, basi ni hazina kwa wote: hakuna kuchimba, hakuna kuchokoa, hakuna mtu kukanyaga, mwaka mmoja. Daktari akafikiri kidogo, akasema kwa upande wa sayansi ni wazo jema.

Leo asubuhi bahari imekauka mpaka ukingoni. Akina mama wameshuka na fito zao kama kawaida wakakuta mgambo wawili na kamba nyekundu ya kwetu ya kupimia. Hawakupiga kelele. Nilitazama kutoka kwenye mikoko. Walisimama tu mbele ya mwamba uliotoka wote, saa nzima, mpaka maji yakaanza kurudi, kisha wakageuka na mapakacha matupu.

Mpishi wetu, mtu wa hapa hapa Ukuti, alinieleza, kana kwamba nimemwuliza. Hapa samaki wa mashua huuzwa. Kinacholiwa nyumbani hutoka mwambani: pweza, kombe, chaza. Bi Kidawa analisha watu sita kwa ufito ule, na pweza wanaozidi huwakausha akawauza, akapata sukari na sare za shule.

Nilijisikia vibaya. Naandika kweli: nilijisikia vibaya kuanzia saa tano mpaka chakula cha mchana.

Ijumaa, 25 Julai

Sina hamu ya kuandika. Naandika ili baadaye watu wajue nilivyoonewa.

Baada ya sala ya Ijumaa akina mama walikuja kambini, wote, na mwenyekiti nyuma yao akiwa amekunja uso. Bi Kidawa akamwamkia Daktari vizuri, akasema hawakuja kugomba. Wao hawajui kusoma, wanaomba tu wasomewe karatasi iliyowafunga. Daktari akasema ni haki yao. Akanipa nisome mimi, kwa heshima!

Nikaanza. Jumanne, tarehe kumi na tano, pweza kumi na wanne. Bi Kidawa akaomba niishie hapo. Akaanza kuhesabu kwa vidole na wenzake: mwezi uliandama lini, Jumanne ile mwezi ulikuwa wa ngapi, sita. Akasema endelea. Alhamisi, tarehe kumi na saba, pweza ishirini na watatu. Mwezi nane, wakasema kwa pamoja. Na sauti moja nyuma ikaongeza: maji mafu.

Kisha Bi Kidawa akamweleza Daktari, bila haraka, kama anavyoelezwa mgeni. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji hukimbia mbali, mwamba hutoka. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Bahari haiendi popote, mwamba hukaa chini ya maji siku tano, sita, na wanawake huenda kulima. Hilo linajulikana na kila mtoto wa Ukuti mwenye meno. Kwa hiyo juma zima ambalo kijana huyu anasema alikuwa akitembea mwambani, mwamba haukuwepo. Yeye anataka kujua kitu kimoja tu: alikuwa amesimama juu ya nini?

Walicheka mpaka mgambo wakacheka. Nikasema labda nilihesabu kwa kuinama ndani ya maji. Nikaulizwa, kwa kisigino kile? Esha, binti yake, akauliza nguva alifuata nini juu ya jiwe, alikuwa anaanika ubuyu? Hata Waswidi walicheka, na sidhani walielewa ubuyu.

Daktari hakucheka. Alichukua kitabu chake kidogo cha saa za maji, akafungua Julai, akatazama, akakifunga. Alikuwa nacho mfukoni tangu siku ya kwanza! Angefungua mapema yasingetokea haya. Nashangaa hakuna aliyelisema hilo.

Alimwuliza Kornelio kama alijua. Kornelio akasema alishuku, lakini hakupenda kumwaibisha mwenzake. Sasa nani kaniaibisha zaidi?

Jumatatu, 28 Julai

Wameondoka. Kornelio anakwenda Uswidi. Alikuja kuniaga, akaniachia katambuga zake kwa mara ya pili, akasema ataniandikia. Najua ataandika. Kila mwezi, na picha za theluji.

Daktari hakunipa mkono. Amesema atakiandikia chuo barua juu yangu, ya kweli na fupi. Siogopi ndefu, naogopa fupi.

Kabla ya kupanda garini alikutana na akina mama. Nilidhani angesema mwamba ufunguliwe. Akasema hesabu zilikuwa za uongo, lakini mwamba ukipumzika mwaka mmoja si vibaya, na akiuachia sasa mwenyekiti atauchimba. Mwakani atakuja mtu mwingine kuhesabu vizuri. Bi Kidawa akamwuliza mwaka huo mzima watoto wale nini. Daktari akafuta macho. Akawaachia kasha la chakula kilichobaki. Walipolifungua lilikuwa na makopo ya samaki.

Mimi nimebaki. Chuo kinafunguliwa katikati ya Agosti, na nahitaji barua nyingine itangulie ile ya Daktari: barua ya mwenyekiti wa kijiji, yenye muhuri, kwamba nimetumikia wananchi kwa bidii. Bila hiyo nafukuzwa. Nalala kwenye ofisi ya kijiji, juu ya magunia.

Jumatano, 30 Julai

Bi Kidawa alikuja asubuhi. Nilidhani amekuja kunisuta, nikajifanya nasali. Akangoja mpaka nikamaliza. Ilibidi nisali kweli.

Hakunisuta. Aliniletea ugali wa muhogo na mchuzi wa nazi. Nazi na chumvi, ndani hamna kitu. Akasema ndicho wanachokula kwake tangu Alhamisi, nisione ameninyima. Kisha akaeleza shida yake. Amekwenda kwa mwenyekiti mara tatu. Mwenyekiti anasema mwamba umefungwa kwa karatasi, na maneno ya mdomo hayafuti karatasi. Iliyofunga ni karatasi yangu, kwa hiyo ya kufungua ni yangu vilevile. Anaomba niandike maneno machache: mimi Dadi Likwata sikuhesabu, nilikaa hemani, wanawake wa Ukuti hawana kosa, warudishiwe mwamba wao kama ulivyokuwa.

Kama ulivyokuwa, alirudia. Si zaidi.

Akasema mimi ni mtoto wa watu, nimekosea, na kosa la kijana hurekebishwa na kijana mwenyewe. Aliponiita mwanangu nilivuta sahani karibu. Nilikula ule ugali wote nikiwa siwezi kumtazama. Nikamwapia. Nikamwambia ifikapo Jumapili karatasi itakuwa mezani kwa mwenyekiti. Nilikuwa nakusudia, Mungu ni shahidi, kuandika hayo hayo aliyosema.

Jumapili, 3 Agosti

Nimefanya jambo kubwa. Nitalieleza kwa utaratibu.

Ijumaa nilikaa nikaandika maneno ya Bi Kidawa kama alivyoyataja. Sikuhesabu, nilikaa hemani. Nikayasoma. Yalikuwa mabaya mno! Hivi chuo kikiyaona? Na mwenyekiti atatia vipi muhuri wa bidii kwa mtu anayekiri kwa mkono wake kwamba alikaa hemani? Mama yule ana moyo mzuri lakini hajui mambo ya ofisi. Anachotaka ni mwamba kufunguliwa. Njia ya kufika huko ni kazi ya msomi.

Nikafikiri: mwamba ulifungwa kwa nini? Kwa sababu una vitu vingi. Basi ukiwa hauna kitu hautakuwa na sababu ya kufungwa. Rahisi! Nikachukua fomu mpya zilizosahauliwa na Waswidi. Nikaandika uchunguzi wa pili. Na safari hii sikurudia makosa: nilitazama mwezi kwanza. Tarehe ishirini na tatu mpaka ishirini na sita Julai, mwezi mpevu, bamvua, mwamba umetoka wote. Hakuna atakayeniuliza nilisimama juu ya nini. Pweza: hakuna. Kasa: hakuna. Kombe: makaka matupu. Matumbawe: yamekufa yote, yamebaki mawe. Kurasa tatu.

Nilimpelekea mwenyekiti baada ya adhuhuri. Alisoma amesimama. Akakaa. Akasoma tena sehemu ya matumbawe. Akaniuliza kama nina hakika yamekufa yote. Nikasema yote. Akauliza kama niko tayari kuandika hilo tena peke yake, kwa herufi kubwa, na jina la chuo chini. Nikaandika. Akanishika mikono miwili, akasema Ijumaa ile watu walinidharau bure, mimi ni mtaalamu wa kweli, tena mzalendo. Barua yangu akaipiga muhuri pale pale, mara mbili. Ninayo mfukoni. Kamba nyekundu imeondolewa, mgambo wamerudi makwao. Mwamba umefunguliwa!

Jioni limekuja lori kutoka Kilwa Masoko, limejaa mitalimbo, sururu, na wanaume kumi na wawili wa tanuri la chokaa. Fundi wao alitaka wateremke mwambani kesho asubuhi. Nikamzuia. Nikamwambia kesho ni maji mafu, atapoteza siku. Angoje Alhamisi mwezi unapoandama, bamvua, kuanzia saa nne jiwe lote litakuwa wazi mpaka ukingoni na watavunja kwa raha bila kulowa. Alinitazama kwa heshima. Akaniuliza kama nimezaliwa katika ukoo wa wavuvi. Nikamwambia, baba, babu, na baba yake babu.

Bi Kidawa hajapata habari, yuko shambani. Kesho alfajiri nitamfuata huko huko, nimwambie mwenyewe kwamba mwamba uko wazi. Natafuta tu maneno ya kumjibu atakaponishukuru, yasije yakawa ya majivuno.